Roboti ya kuchora sakafuni kwa mistari mifupi, mtindo wa Hangar: vifaa, vipimo, makosa

#1 Chombo_Katuba

Jambo wote, wakubwa kwa wadogo. Kikundi cha vijana hapa Lushi (Lubumbashi) kinatayarisha maonyesho kuhusu wachoraji wa Hangar, ile shule iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji ungali ukiitwa Élisabethville. Tunataka roboti ndogo ya magurudumu ichore mbele ya watu, karatasi ikiwa imetandazwa chini. Picha ni swala mmoja, sentimita 60 kwa 40, rangi tatu.

Tulivyo navyo: Arduino Nano moja (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa) yenye chipu ya USB ya CH340, mota mbili za njano zenye gia ya plastiki na magurudumu yake ya mm 65, bodi ya L298N ya kuendesha mota, servo moja ya SG90 (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru), na betri zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu. Mpango ni kuchora kwanza umbo la swala kwa mstari mmoja unaozunguka, halafu kujaza rangi ndani. Semeni kinachokosekana kabla hatujatoa makuta (pesa).

#2 NusuHatua

Kinachokosekana ni kipimo. Mota ya njano haijui imezunguka kiasi gani. Ukiifungia ile sahani ya matundu 20 inayouzwa pamoja nayo, gurudumu la mm 65 lina mzingo wa mm 204.2, kwa hiyo kila tundu ni mm 10.2 za mwendo. Hata ukihesabu kingo zote mbili za tundu, unapata mm 5.1. Huwezi kuchora mistari iliyoachana mm 4 kwa rula yenye alama kila mm 5. Tena L298N inakula karibu volti 2 njiani, na betri inaposhuka mota moja inachelewa kuliko nyenzake, roboti inakwenda upogo.

Nunua stepa mbili (mota zinazozunguka kwa hatua ndogo zinazohesabika) za 28BYJ-48 za volti 5, zile zinazokuja na bodi ndogo ya ULN2003 ya kuziendesha. Ni stepa za bei ya chini, na kwa kazi hii zinatosha. Hesabu yake ni hii:

Mota yenyewe ina hatua 32 kwa mzunguko, gia inapunguza mara 63.684, kwa hiyo mhimili wa nje unamaliza mzunguko kwa hatua 2037.9, au nusu-hatua 4075.8. Watu wengi wanaandika 4096 kwa sababu wanadhani gia ni 64 kamili. Tofauti ni karibu 0.5%, inaonekana ndogo, lakini ukiiambia roboti izunguke digrii 360 itakosea karibu digrii 1.8, na kila kona inaongeza.

Kwa gurudumu la mm 65: nusu-hatua 4075.8 ÷ mm 204.2 = karibu 19.96 kwa kila milimita. Kwa magurudumu yaliyoachana mm 110 (pima pale mpira unapogusa sakafu, si kwenye kingo za gurudumu): kugeuka digrii 1 papo hapo ni nusu-hatua 19.16 kwa kila gurudumu, moja mbele, jingine nyuma.

Mwendo: nusu-hatua 800 kwa sekunde, yaani mm 40 kwa sekunde. Ukipita 1000 inaanza kuruka hatua bila kukuambia, hasa betri ikichoka. Nguvu ni ndogo pia. Kwa gurudumu la mm 65 usitegemee zaidi ya nyutoni 1 kwa kila mota, kwa hiyo roboti nzima ibaki chini ya gramu 600.

Kuhusu umbo la swala kwa mstari mmoja: achana nalo. Kosa la digrii 1 baada ya mm 600 linakupeleka pembeni zaidi ya mm 10. Mkia hautakutana na mgongo, na kila atakayepita ataona.

#3 Mama Rangi

NusuHatua kasema kwa hesabu, mimi nasema kwa jicho. Muangalie Mwenze Kibwanga, mmoja wa wachoraji wa Hangar. Mnyama wake hana waya uliomzunguka. Amejengwa kwa mistari mifupi inayolala sambamba, rangi moja karibu na nyingine inayopingana nayo, na pale mistari inapobadili rangi ndipo ubavu unapoishia. Mwenzake Bela ndiye aliyechora kwa ncha za vidole, alama baada ya alama. Pili Pili Mulongoy, naye wa Hangar, anajaza nyuma ya ndege na samaki wake vialama vidogo vidogo hata hewa inaonekana kama manyoya.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji mkono usiokosea kwa mita nzima. Mstari mfupi ukipotea mm 1 unaingia kati ya wenzake. Nukta ndiyo kabisa. Kwa hiyo mtindo mliouchagua kama mada ndio dawa ya ugonjwa wa mashine yenu. Mkilazimisha umbo la kufunga mtakuwa na swala mbovu wa kompyuta, si swala wa Katanga.

Jambo jingine: andikeni chini "zoezi la kufuata mistari ya Mwenze", msiandike jina lake kama sahihi.

#4 Chombo_Katuba

Aksanti mama, aksanti yaya. Basi mistari mifupi. Lakini roboti ya magurudumu mawili haiwezi kwenda pembeni. Ikimaliza mstari mmoja inafikaje kwenye wa pili? Igeuke digrii 90, itembee mm 4, igeuke tena?

#5 NusuHatua

Inawezekana, ila kila mstari utakula kona mbili za digrii 90, na kona ndizo zinazoleta makosa. Kuna njia fupi: rudi nyuma kwa mshazari.

Chora mm 40 kwenda mbele. Inua kalamu. Geuka kushoto digrii 5.74. Rudi nyuma mm 40.2, maana mshazari ni mrefu kidogo. Geuka kulia digrii 5.74. Uko mwanzoni tena, ila umehamia kulia mm 4, kwa sababu 40.2 × sine ya 5.74 ni karibu 4. Kona hiyo ni nusu-hatua 110 tu. Ukitaka mistari iachane mm 6, tumia digrii 8.63, nusu-hatua 165, na urudi nyuma mm 40.5.

Sasa sikiliza sana hapa, maana hapa ndipo wengi wanapotupa kazi. Gia za 28BYJ-48 zina ulegevu. Shika gurudumu kwa vidole mota ikiwa na umeme, utaliona linacheza digrii kadhaa. Ukiwa na ulegevu wa digrii 3, hizo ni nusu-hatua 34 zinazopotea kila gurudumu linapobadili upande wa kuzunguka. Kona yako ni nusu-hatua 110. Umepoteza karibu theluthi.

Fuata mzunguko mmoja wa kazi uone wapi zinapotea:

Unachora mbele: magurudumu yote mawili mbele. Unageuka kushoto: la kushoto linarudi nyuma, limebadili, liongezee 34, la kulia linaendelea mbele, usiliguse. Unarudi nyuma: la kushoto tayari liko nyuma, la kulia limebadili, liongezee 34. Unageuka kulia: la kushoto linakwenda mbele, ongeza 34, la kulia linaendelea nyuma. Unaanza mstari mpya: la kulia linabadili, ongeza 34. Mara nne kwa kila mstari, mara mbili kwa kila gurudumu. Usiandike nyongeza hizo kwa mkono mahali pote. Weka kigezo kimoja kwa kila gurudumu kinachokumbuka upande wa mwisho, na programu iongeze yenyewe pale upande unapobadilika. Nyongeza itangulie peke yake, kabla ya mwendo, si kuchanganywa ndani yake.

Na hizo 34 ni mfano. Pima mota yako. Kila moja ina ulegevu wake, hata mbili za pakiti moja.

#6 Fundi Waya

Nyaya. Nano: pini D2 hadi D5 mota ya kushoto, D6 hadi D9 mota ya kulia, D10 servo, D11 kitufe cha kuanza, A0 kupima betri. Mkitumia AccelStepper (maktaba ya programu ya kuendesha stepa), pini zitajwe kwa mpangilio IN1, IN3, IN2, IN4. Mkiandika 1, 2, 3, 4 mota itatetemeka na kulia kama mbu bila kuzunguka, na mtadhani imeungua. Mota moja imefungwa kwa kugeuziwa mgongo, kwa hiyo moja yao igeuziwe upande ndani ya programu.

Kama Nano inakataa kupokea programu ingawa kompyuta inaiona, badilisheni kwenye menyu mchague butiloda (programu ndogo inayopokea programu zenu) ya zamani. Nano nyingi za CH340 zimekuja nayo.

Umeme: betri mbili za 18650 (zile za kompyuta) mfululizo, halafu LM2596 (bodi ya kushusha volti) iliyorekebishwa hadi volti 5.0 kabla ya kuunganisha chochote. Volti 5 ziende kwenye ULN2003 zote mbili, kwenye servo na kwenye pini ya 5V ya Nano. Ardhi zote ziungane. Kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na servo. Bila hiyo servo ikishtuka Nano inajizima na kuanza upya katikati ya picha, na roboti inarudia safu ya kwanza juu ya safu ya nne.

A0 ipate umeme kupitia vipingamizi viwili vya kilo-ohm 10, ili volti 8.4 ya betri iliyojaa ifike 4.2. Programu isimame yenyewe betri ikishuka hadi volti 6.8. Chini ya hapo LM2596 haina nafasi ya kushikilia 5, na stepa zinaanza kuruka kimya kimya.

#7 Kinga_Moja

Kwa nini msitumie benki ya umeme ya simu? Tayari ni volti 5, hakuna LM2596, hakuna betri za kuokota.

#8 Fundi Waya

Inafaa, kwa sharti moja. Benki nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo. Roboti ikiwa inatembea haina shida, stepa mbili zinakula kama miliampea 300 hadi 400. Lakini ukizima koili wakati wa mapumziko ili mota zisipate moto, benki inalala na kazi inaishia hapo. Ukiitumia, acha koili zikiwa na umeme. Mota zitapata joto la kutosha kukushtua ukizigusa. Si hatari kwa muda wa kazi hii.

Pima uzito kwanza. Benki kubwa inaweza kukumalizia gramu zako.

Kwa watakaotumia betri za kompyuta: iliyo chini ya volti 2 usijaribu kuifufua. Chaji moja moja kwenye TP4056 (bodi ndogo ya kuchajia), kamwe usichaji mbili zilizounganishwa mfululizo kwenye TP4056 moja. Bodi hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kipingamizi cha kilo-ohm 1.2, yaani ampea 1. Kwa betri iliyozeeka badilisha uweke kilo-ohm 2, utapata karibu miliampea 580. Inayopata moto wakati wa kuchaji, tupa. Inayojaa vizuri halafu baada ya wiki moja bila kazi imeshuka chini ya volti 4.0, tupa pia. Na kwenye roboti weka bodi ndogo ya ulinzi ya betri mbili.

#9 Ruashi_2

Fremu. Plaiwudi ya mm 4 inatosha. Msikate duara kamili kama roboti za picha za intaneti. Nyuma iwe bapa, upana mm 100, nitaeleza kwa nini. Mhimili hadi ukingo wa nyuma mm 50.

Kosa la kwanza la kila mtu: mhimili wa 28BYJ-48 hauko katikati ya mwili wa mota. Umesogea mm 8. Ukipima tundu la kalamu kutoka katikati ya ule mwili wa duara, kalamu yako iko mm 8 nje ya mstari wa magurudumu, na kila roboti inapogeuka na kalamu chini inachora tao badala ya nukta. Chora mstari mmoja juu ya plaiwudi unaopita kwenye mihimili yote miwili, tafuta nusu yake, toboa hapo. Jaribu: shusha kalamu, zungusha roboti digrii 360 papo hapo. Ukipata nukta, umepatia. Ukipata kiduara, nusu ya upana wake ndiyo umbali uliokosea.

Mota: kifuniko kina matundu mawili yaliyoachana mm 35, bolti za mm 4 zinaingia. Mhimili ni mm 5 wenye pande mbili zilizokatwa bapa, mm 3 kati yao. Magurudumu ya mota za njano yana tundu tofauti kidogo, huwa yanakuwa na mchezo. Jaza kwa gundi ya epoksi, na gurudumu lisimame wima wakati inakauka. Gundi ya moto msitumie hapo, inalainika mota ikipata joto.

Ule mpira mpana wa gurudumu la njano ni tatizo la pili. Una upana mkubwa, kwa hiyo hujui unagusa sakafu wapi, na mm 110 zako zinakuwa leo 106 kesho 113. Vueni. Kateni pete nyembamba kutoka mpira wa ndani wa kinga (baiskeli), au tumieni pete ya mpira ya bomba la maji, ikae katikati ya gurudumu. Kipenyo kitabadilika, mtapima upya.

Gurudumu la tatu: kichupa cha dawa ya kwapa ile ya kupaka kwa mpira. Kikiisha, kata shingo, osha na sabuni, ule mpira ndio wenyewe. Hauna mhimili wa kujikwaa, unateleza pande zote.

#10 NusuHatua

Hicho kichupa kiwekeni mbele, mm 60 mbele ya kalamu. Kikiwa nyuma kwenye mstari wa kati, kinapita juu ya wino dakika ile ile kalamu inapoondoka, kinaupaka kote. Kikiwa mbele, roboti inachora mm 40, inarudi mm 40, na kichupa hakifiki kwenye mstari kamwe, kwa sababu mm 60 ni zaidi ya 40. Ndiyo maana mistari isizidi mm 50 kwa umbo hili.

Magurudumu je? La kushoto liko mm 55 kushoto ya kalamu. Mkisogea kulia mm 4 kila mara, linapita juu ya mstari uliochorwa kama mistari 14 iliyopita. Kila mstari unachukua karibu sekunde 3: moja kwenda, moja kurudi, zilizobaki ni kona, nyongeza za gia na servo. Kwa hiyo wino una sekunde 40 za kukauka. Kalamu ya felti ya spiriti inakauka mapema kuliko hapo. Rangi ya akriliki inaweza isikauke. Jaribuni kwanza, la sivyo mtapata alama za matairi juu ya swala.

#11 Chombo_Katuba

Na kalamu inashikwa na nini?

#12 Ruashi_2

Bomba la sindano lisilotumika, la mililita 5 au 10 kutegemea unene wa kalamu. Kata mdomo, simamisha wima ndani ya tundu la plaiwudi, gundi ya epoksi pembeni. Kalamu iteleze kwa uzito wake bila kuyumba. Ikiyumba, kila mstari unaanza na kindoano kidogo, kwa sababu mwili wa roboti unatangulia na ncha inafuata baadaye. Zungushia kalamu karatasi ya gundi tabaka moja moja hadi iache kuyumba lakini iendelee kuanguka yenyewe.

Servo isisukume kalamu chini. Servo inainua tu, mm 4 au 5, kwa kushika pete iliyofungwa kwenye kalamu. Chini inakwenda kwa uzito. Servo ikisukuma, sakafu yenye kivimbe kidogo inainua roboti nzima na gurudumu moja linazunguka hewani.

Uzito wa kusaidia: gramu 20 zinatosha. Sisi tuko mji wa mukuba (shaba), tumieni mukuba. Waya wa umeme wa 1.5 mm² uliovuliwa plastiki, mita 1.5, ni gramu 20. Zungushia juu ya kalamu, ukiwa umebanana vizuri ni pambo pia. Waya wa dukani au wa transfoma mbovu, tafadhali; wa kukatwa kwenye nguzo usiku muuachie mwenyewe.

#13 Mama Rangi

Kwa kuwa mukuba umetajwa: kuna watoto watakuja na wazo la kusaga malakiti wapate kijani. Hapana. Vumbi lake ni la shaba na ni sumu kulivuta. Kijani cha kalamu ya dukani kinatosha.

Mpangilio wa rangi: anzeni na nyepesi, njano au rangi ya chungwa, halafu nyekundu, halafu nyeusi au bluu. Kalamu za felti zinapenyana. Ukianza na nyeusi, ncha ya njano itaokota uchafu na baada ya mistari 20 haitakuwa njano tena.

Karatasi ya mifuko ya saruji ina rangi nzuri sana, udongo wa hapa hapa, lakini inanyonya wino na mstari unanenepa. Mkiipenda, achanisheni mistari mm 6. Kitambaa cha mifuko ya unga ambacho wachoraji wetu wengi wamekitumia ni kizuri kwa brashi, si kwa roboti: nyuzi zake zinavuta magurudumu. Kipakwe rangi nyeupe mara mbili, kikauke, kivutwe kwenye ubao kabla.

#14 NusuHatua

Upimaji, kwa mfuatano huu, msiuvuruge.

Kwanza kipenyo. Amuru roboti ichore mm 1000. Ikichora 988, kipenyo cha kweli ni 65 × 0.988 = mm 64.2. Andika hicho.

Pili, kupinda. Mstari huo wa mita moja, ukivuta uzi kwa kufuata upande ulioanza, mwisho wake umechepuka kiasi gani? Mchepuko wa mm 45 maana yake gurudumu moja ni kubwa kuliko jingine kwa 1% hivi, kama mm 0.65. Mara nyingi ni pete ya mpira iliyovutika zaidi, au uchafu. Rekebisha mpira kwanza. Ikishindikana, mpe kila gurudumu kipenyo chake ndani ya programu.

Tatu, upana. Amuru mizunguko 10 papo hapo. Ikikosa digrii 36 kumaliza, upana wa kweli ni 110 × 3600 ÷ 3564 = mm 111.1. Ukipima upana kabla ya kipenyo unasahihisha kosa kwa kosa.

Nne, ulegevu. Chora mistari 10 kwa ile njia ya mshazari. Ikiwa inafunguka kama kipepeo kuelekea upande mmoja, nyongeza ya gia haijatosha au imezidi. Badilisha 4, 4, tazama tena.

Na sasa ule mgongo bapa wa Ruashi_2. Hata ukipima vizuri, mistari 150 ya safu moja itajikusanyia kosa la mwelekeo. Laza chuma cha mraba, kile cha mm 20 cha madirisha, urefu wa mita 1, sambamba na safu, nyuma ya roboti, kikiachana nayo mm 3. Kila baada ya mistari 10 roboti irudi nyuma, iguse, iendelee kusukuma mm 3 zaidi. Magurudumu yatateleza, mgongo utalala kwenye chuma, mwelekeo umenyooka. Halafu isonge mbele, iendelee.

#15 Ruashi_2

Mm 3 hazitoshi, mukubwa. Roboti inapofika chini imeinama digrii 5.74 bado. Mgongo ni mm 100, nusu yake 50, kwa hiyo kona ya nyuma inashuka mm 5 zaidi na kugonga chuma kabla haijamaliza kurudi. Acheni mm 10. Kwa mistari ya mm 6, kona inashuka mm 7.5, bado 10 inatosha.

#16 NusuHatua

Kweli, nimesahau kona. Mm 10. Basi amri ni: nyuma mm 13, yaani nusu-hatua 260, halafu mbele mm 10, nusu-hatua 200, na nyongeza ya gia kwa magurudumu yote mawili kabla ya kila mwendo, upande ukiwa umebadilika. Safu zianzie chini ya picha kwenda juu, ili kichupa cha mbele kipite kwenye karatasi safi na chuma kilale juu ya safu iliyokauka. Wekeni ukanda wa karatasi chini ya chuma. Mtu mmoja akisogeze mm 40 kila safu ikiisha. Hiyo pia ni sehemu ya kutazamwa.

#17 Kinga_Moja

Picha yenyewe inaingiaje kwenye Nano? Kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 2 tu.

#18 Fundi Waya

Inaingia na nafasi inabaki. Sentimita 60 kwa mistari ya mm 4 ni nafasi 150 kwa safu. Safu 10 za mm 40. Jumla 1500. Kila nafasi ni ndiyo au hapana, biti moja, kwa hiyo rangi moja ni baiti 188. Rangi tatu hazifiki 600, tena ziwekeni kwenye kumbukumbu ya programu ambayo ni kilobaiti 32, si kwenye ile ndogo.

Kutengeneza: chukueni daftari la hesabu, kisanduku kimoja kiwe mstari mmoja kwa upana, chora swala kwa penseli, weka 1 ambapo rangi hiyo inapita. Safari moja ya mkono inafundisha zaidi ya programu ya kubadili picha. Pale penye 0 roboti inafanya mwendo ule ule bila kushusha kalamu. Ni upotevu wa muda, lakini kuruka nafasi kunaleta kona kubwa na makosa mapya.

Servo: ikishusha, subiri milisekunde 200 kabla ya kutembea, ikiinua, 150 kabla ya kugeuka. Baada ya hapo ikate mawasiliano iache kunguruma.

#19 Chombo_Katuba

Nimehesabu. Mistari 1500 kwa sekunde 3 ni dakika 75 kwa rangi moja. Rangi tatu ni karibu saa 4. Watu hawatasimama saa 4.

#20 Mama Rangi

Hawahitaji. Rangi mbili zichorwe asubuhi kabla milango haijafunguliwa, ya mwisho, ile nyeusi, ichorwe mbele yao. Nyeusi ndiyo inayomtokeza swala. Ikiwa mm 6, ni mistari 1000, dakika 50. Na sehemu ya nyuma mfanyieni Bela: nukta tu. Kalamu ishuke, ikae, iinuke. Ikikaa kidogo ni nukta ndogo, ikikaa sekunde nzima wino unasambaa unakuwa mkubwa. Kile mnachokiita kosa la wino kuvuja ndicho kidole.

#21 Kinga_Moja

Umeme ukikatika usiku, fungeni taa ndogo ya LED mahali pa kalamu, simu kwenye tripodi na shata wazi sekunde 30, picha itashika mistari ya mwanga. Giza la bure.

#22 Chombo_Katuba

Hiyo tutaijaribu pia, giza hatulikosi. Swali la mwisho: maonyesho ni Agosti, ua wa saruji, vumbi jekundu kila mahali. Kuna la kuangalia?

#23 Ruashi_2

Vumbi ndilo litakaloharibu kazi ya NusuHatua. Mpira ukishika vumbi unateleza, na stepa haijui kama imeteleza. Fagieni, mwagieni maji ua mapema asubuhi, muache ukauke kabisa kabla ya kutandaza. Chini ya karatasi wekeni plaiwudi nzima. Saruji ya uani ina mikwaruzo inayoinua kalamu. Karatasi ibandikwe pande zote nne, upepo wa Agosti unainua ukingo na kichupa cha mbele kinaukunja. Kila safu ikiisha, wakati chuma kinasogezwa, mtu wa pili afute pete za mpira kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuondoa mchanga kwenye mpira wa kichupa.

Na kalamu za felti za spiriti zifungwe kifuniko hapo hapo. Kalamu iliyoinuliwa mm 5 juu ya karatasi mnapozungumza na wageni inakauka ncha, na mistari ya kwanza ya safu inayofuata inatoka mitupu. Wekeni kipande cha karatasi chakavu pembeni, roboti ichore mistari miwili mitatu hapo kabla ya kuanza safu.